Koti Mbili na Maua ya Geti Kuu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye hati ya mshahara tu. Mtaani, kazini, hata msibani, watu walimwita Koti Mbili, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimwonyesha ukuta uliobanduka, atautazama, atatikisa kichwa na kusema, "Walipaka koti moja hawa." Ukimwambia ndoa ya fulani imevunjika mwaka haujaisha, atasema hivyo hivyo. Kwa hesabu zake, balaa zote za dunia zilitokana na watu kuona uvivu wa kurudia koti ya pili, yaani kupaka rangi tena juu ya ile ya kwanza. Alikuwa na ovaroli moja ya kijani iliyokuwa na madoa mengi kuliko kitambaa, na kofia ambayo hakuna aliyekumbuka rangi yake ya kuzaliwa.

Alikuwa mpaka rangi wa manispaa, idara ya bustani. Msidhani alipaka majumba, la. Alipewa kazi moja, na hiyo hiyo ndiyo aliyoifanya miaka thelathini na moja: uzio wa vyuma unaozunguka bustani kuu, pamoja na geti lake kubwa la mbele. Uzio ule ukiuzunguka kwa miguu bila kusimama, utatumia dakika ishirini. Ukiuzunguka kwa brashi, utatumia miezi kumi na moja. Mwezi wa kumi na mbili Koti Mbili alikwenda likizo, na akirudi anakuta pale alipoanzia pameshababuka, basi anachovya brashi na kuanza tena. Mkurugenzi mmoja mpya aliwahi kumuuliza kazi itaisha lini. Koti Mbili alidhani anataniwa, akacheka kwa adabu.

Geti lenyewe lilikuwa jambo jingine kabisa. Lilifuliwa kwa nyundo na moto na mafundi waliokwishakufa zamani, kabla ya mtu yeyote kujua kuchomelea kwa umeme. Lilikuwa na milango miwili mirefu, vyuma vyake vimepindwa vikawa matawi yanayotambaa kwenda juu, na kwenye matawi hayo maua arobaini, kila ua na petali zake sita. Maharusi walikuja kupiga picha mbele yake. Wala hawakuangalia kwa karibu, na ilikuwa heri yao, maana kwa karibu geti lile lilikuwa linaliwa na kutu kimya kimya.

Koti Mbili aliliona hilo mwaka wake wa pili kazini. Kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, aliandika barua: geti linaoza, naomba aletwe mhunzi. Baada ya wiki saba akajibiwa kwa karatasi nzuri yenye muhuri: *Ombi lako limepokelewa. Linashughulikiwa.* Akafurahi, akaitunza barua kwenye kopo la biskuti. Mwaka uliofuata akaandika nyingine, akajibiwa maneno yale yale. Kadiri miaka ilivyokwenda, kopo lilijaa majibu na mhunzi hakuonekana. Makatibu muhtasi walibadilika, mashine za chapa zikaondoka, kompyuta zikaja, lakini sentensi ile haikuguswa hata nukta.

Mwaka wa nne, siku ya Alhamisi, alikuwa anasugua kwa brashi ya waya, ua moja likamomonyokea mkononi. Likabaki vumbi la kahawia na kipande kimoja kidogo. Alilifunga kwenye leso akaenda nalo nyumbani kama mtu aliyeiba.

Mkewe, Mama Watoto, alikuwa mezani jikoni akishona matundu ya vifungo kwenye sare za shule, kazi aliyoletewa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alitazama leso, akamtazama mumewe.

"Hiki ndicho kilichokunyima kula?"

"Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Watasema nimelivunja mimi."

"Lilikuwaje lilipokuwa zima?"

"Petali sita na kitovu katikati. Kama yale mengine."

Jumapili mchana Mama Watoto alifuta meza, akamwambia mumewe alete puti, ule unga wa kuzibia mashimo ukutani, na gundi ya mbao. Yeye alitoa shuka kuukuu, akalichana vipande vyembamba. Pasi ya umeme ilikuwa imeungua mwezi ule, akaipasua na kuchomoa waya wake wa shaba uwe mifupa ya ua. Akachovya vitambaa kwenye gundi, akaviviringisha kwenye waya, akapaka puti na kuchonga petali kwa mgongo wa kijiko. Koti Mbili alisimama mlangoni na ovaroli yake bila kazi ya kufanya, kitu ambacho hakikumtokea mara nyingi. Alipolisogelea ua likiwa linakauka dirishani, aliona kasoro.

"Mbona hii petali moja umeikunja?"

"Ua likifunguka lote sawasawa linaonekana limekatwa na mashine."

"Lakini mengine yote hayajakunjwa."

"Mengine yalitengenezwa na wanaume," alisema Mama Watoto, akarudi kwenye vifungo vyake.

Jumatatu alfajiri Koti Mbili alilifunga ua getini, akalipaka rangi ya awali, kisha koti mbili. Wakaguzi walipita, wakasema geti liko katika hali nzuri, wakaenda kunywa chai. Yeye mwenyewe alishusha pumzi hadi mabega yakashuka nayo.

Basi ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Kila ua lilipooza, Mama Watoto alitengeneza lingine Jumapili mchana, na kila moja alilikunja petali. Binti yao mmoja alikua akijua kwamba meza ya jikoni Jumapili haiguswi. Pasi mbili nyingine ziliungua, na Koti Mbili hakuthubutu kuuliza kama ziliungua zenyewe. Katika miaka ishirini na sita, mikono ya mwanamke yule ambaye manispaa haikumjua hata kwa jina ilitengeneza maua ishirini na matatu kati ya arobaini ya Geti Kuu. Lile la mwisho alilitengeneza akiwa ameshaanza kuugua. Petali yake ilikunjika nusu tu, kwa sababu vidole vilichoka. Alisema atalimalizia Jumapili inayofuata, na hakuipata.

Baada ya mazishi Koti Mbili alirudi kazini mapema kuliko alivyoruhusiwa. Watu walisema mzee ana moyo wa chuma. Si kweli. Nyumbani hakukuwa na kitu cha kumtazama, na getini kulikuwa na maua ishirini na matatu. Alikuwa anayaosha kwa kitambaa kabla ya kuyapaka, na mara nyingine alizungumza nayo kidogo, habari za bei ya mafuta na za binti, kisha anatazama nyuma kuona kama kuna mtu anayesikia.

Ilikuwa imebaki miezi michache astaafu ndipo serikali ilipogundua kwamba ina geti. Ilikuja barua kwamba Geti Kuu limetangazwa kuwa urithi, na kuanzia mwezi ule lipo chini ya idara ya mambo ya kale. Akaletwa mtaalamu, mwanamke mwenye miwani na viatu vya kutembelea porini, ambaye wote walimwita Daktari ingawa hakutibu mtu. Alipiga picha geti siku tatu mfululizo, alipanda ngazi, alipima kila ua kwa kifaa chenye meno, na akamwita Koti Mbili "baba" kwa heshima kabisa. Koti Mbili alimshikia ngazi.

Ripoti ilitoka na kurasa themanini, imesainiwa na wataalamu saba. Jalada lake lilikuwa na picha kubwa ya ua la tatu kutoka bawaba ya kushoto. Mtunza stoo, rafiki wa Koti Mbili na mtu aliyesoma kila karatasi iliyopita mikononi mwake, alimwita stoo wakasoma pamoja, mmoja akiwa amekaa kwenye tina la rangi na mwingine kwenye kiti kisicho na mgongo.

Ripoti ilisema kwamba geti lile lina alama za mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wa fundi mkuu wa kale, ambaye maua yake ni membamba, makali, yenye uhai, na anatambulika kwa petali moja iliyokunjwa, alama ya siri ambayo yumkini ilirithiwa kutoka kwa mwalimu wake. Maua yake ni ishirini na matatu. Mkono wa pili ni wa mwigaji wa baadaye asiye na kipaji, ambaye maua yake kumi na saba ni mazito, yamevimba, na petali zake hazitofautiani na viazi.

Mnaelewa kilichotokea. Maua ya chuma ya zamani yalikuwa yamebeba koti mbili kila mwaka kwa miaka yote ile, mpaka petali zikafunikwa kabisa. Ya Mama Watoto yalikuwa mapya zaidi, na kila mwaka Koti Mbili aliyapiga msasa kwanza asije akaifunika ile petali iliyokunjwa; rangi yake ikabaki nyembamba, ndiyo maana yalionekana makali. Wataalamu saba wenye vyeti ukutani walitazama geti na kuona jambo ambalo mpaka rangi yeyote angewaeleza bure kabla chai haijapoa.

"Rafiki yangu," alisema mtunza stoo, "wamemsifu mtu huyu kurasa tisa."

Koti Mbili alijaa furaha. Akavua kofia, akafuta uso nayo. Angetoa mshahara wa mwaka Mama Watoto asikie akiitwa fundi mkuu wa kale, kwa sababu angecheka mpaka asaidiwe kukaa. Kisha mtunza stoo akafungua ukurasa wa mapendekezo, na furaha ikamtoka. Pendekezo la kwanza: geti lote lipulizwe mchanga kwa mashine, rangi yote itoke, ili ustadi wa fundi mkuu uonekane kwenye chuma chenyewe. Pendekezo la pili: maua ya mwigaji yang'olewe.

Mchanga ule hutoka kwa nguvu ya kung'oa kutu kwenye meli. Puti na shuka la Mama Watoto visingedumu hata muda wa kupiga chafya.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, alimpigia simu binti yake aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine.

"Nenda kawaambie ukweli, baba," binti alisema.

"Nikiwaambia ni puti, watayang'oa watupe jalalani. Watasema ni bandia."

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza watayapuliza mchanga."

"Wanaanza lini?"

"Mashine inakuja Jumatatu ijayo."

"Mama angefanya nini?"

"Mama yako angewaroga," alisema Koti Mbili, na hilo halikusaidia.

Ijumaa Daktari alirudi kuchukua ua moja kwa ajili ya jumba la makumbusho, libaki na rangi yake kama mfano wa hali ilivyokuwa kabla ya ukarabati. Alichagua lile la jaladani. Lilikuwa limelegea, likatoka bila taabu. Akalishika mkononi, akashangaa kidogo wepesi wake, kisha akatoa sumaku mfukoni na kuigusisha kwenye petali. Sumaku ikateleza, ikaanguka kwenye majani. Akaiokota, akaigusisha tena, ikaanguka tena. Akaisogeza kwenye ua moja lililovimba, la mwigaji asiye na kipaji, nayo ikanata papo hapo na ikawa kazi kuibandua.

Koti Mbili alikuwa ameshika ngazi.

"Baba, umepaka rangi nyingi sana hapa," alisema Daktari.

"Koti mbili tu, Daktari. Kila mwaka."

Daktari akamtazama. Kisha akalifunga ua kwenye pamba, akaliweka kwenye kisanduku, akaondoka. Koti Mbili alijifariji kwamba hajaelewa.

Jumamosi, kwa kukosa la kufanya, alifungua kopo la biskuti akasoma majibu yake yote tangu la kwanza. Limepokelewa, linashughulikiwa. Limepokelewa, linashughulikiwa. Aliposoma la ishirini hivi, aliacha kukunja uso. Karibu miaka thelathini alikuwa akiiona sentensi ile kama ukuta, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kujificha nyuma ya ukuta. Akachukua kalamu.

Barua aliyoandika ilikuwa ya adabu mno. Ilikumbusha kwamba geti sasa ni mali ya idara ya mambo ya kale, na hilo halina ubishi. Lakini rangi iliyo juu ya geti ilitoka stoo ya idara ya bustani, kwa hati, na haijakabidhiwa kwa mtu yeyote. Mwandishi, akiwa mtumishi mwaminifu anayekaribia kustaafu, angependa kuelekezwa nani atasaini wakati rangi hiyo, ambayo ni mali ya umma, itakapoondolewa. Jumatatu, ofisi zilipofunguliwa tu, akapeleka nakala tatu, kila moja idara yake.

Mtunza stoo alipoulizwa kama hati hizo zipo, nusura amkumbatie aliyemuuliza. Alikuwa amezitunza miaka yote ile akisubiri siku ambayo mtu atazihitaji. Alizileta kwenye toroli. Tina mia tatu na kumi na moja, kila moja na sahihi yake.

Kikao kilikaa Jumatatu ile ile, mashine ikiwa imeegeshwa mbele ya geti na mwenye mashine amekaa kivulini. Koti Mbili aliitwa awe shahidi, akapewa kiti karibu na mlango.

"Rangi ni yetu," alisema mkurugenzi wa bustani, ambaye hakuwahi kuifikiria rangi ile hata siku moja, lakini sasa ilipoguswa na idara nyingine ikampanda kichwani.

"Basi iondoeni," alisema mwenzake wa mambo ya kale.

"Tuiharibu mali ya umma kwa mikono yetu? Lazima iundwe kamati ya kufuta mali."

"Iundwe."

"Kamati haiwezi kufuta kitu bila kukiona."

"Kipo getini. Waende wakione."

"Kipo getini kinafanya kazi. Kanuni inasema mali inayotumika haifutwi."

Wakaitazama kanuni. Kweli ilisema hivyo. Wakaahirisha. Walikutana mara nne, na kila mara walipata kanuni nyingine nzuri zaidi. Mwenye mashine alivumilia wiki sita, kisha akaifunga turubai na kuipeleka bandarini, ambako watu walikuwa na kutu isiyo na kanuni. Mwaka wa fedha ukaisha, fungu la ukarabati likarudi lilikotoka. Mapendekezo yote ya ripoti yakawekwa kando hadi suala la rangi litakapopatiwa ufumbuzi. Maua yote arobaini kasoro moja yakabaki mahali pake, ya chuma na ya puti, na Koti Mbili akayapaka kwa mara yake ya mwisho kazini, taratibu, akirudia kila petali.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika kwenye ukumbi wa idara, kwa soda na keki. Binti alikuja. Mkurugenzi alikuwa na hotuba, na alimkabidhi zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa: picha kubwa yenye fremu, ua la tatu kutoka bawaba ya kushoto.

"Hii ni kazi ya bingwa wa kale," alisema mkurugenzi. "Hakuna mkono wa leo unaoweza kuifanya. Mwenzetu huyu ameificha kwa rangi miaka thelathini na moja, lakini tunamsamehe."

Watu wakacheka. Koti Mbili naye alicheka, maana ndiyo adabu. Binti hakucheka. Wakati wa kurudi nyumbani alibeba picha kwapani, na alipofika jikoni aliiegemeza ukutani juu ya meza ile, wote wawili wakakaa wakiitazama.

"Inaniuma, baba," alisema binti. "Wanamsifu na hawamjui."

"Hata mimi inaniuma," alisema Koti Mbili. Alikuwa hajawahi kulisema hilo kwa mtu. Siku zote alidhani akiyaokoa maua atatulia, na sasa maua yapo salama, yeye hakutulia hata kidogo.

Wiki iliyofuata alivaa shati la sherehe, akaenda makumbusho, akalipa kiingilio kama watu wengine. Ua lilikuwa ndani ya kioo, juu ya kitambaa cheusi, taa ndogo ikiliangaza. Kibao kilisema: *Ua la Geti Kuu. Kazi ya mkono. Fundi hajulikani.* Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mzee, usiguse," alisema mlinzi.

"Nimelipaka mimi hili."

"Kila mtu hapa ana lake, mzee. Rudi nyuma kidogo."

Akatoa leso, akaufuta ukungu wake, akaenda kugonga mlango wa Daktari. Sasa alikuwa mstaafu, na mstaafu hafukuzwi kazi.

"Daktari, lile ua si la kale."

"Najua."

"Wala si chuma."

"Najua, baba. Sumaku iliniambia siku ile ile." Daktari alivua miwani. "Nilirudi ofisini kuandika masahihisho, wakati ripoti imeshasainiwa na watu saba, mimi wa kwanza. Nililia kwa aibu. Kabla sijamaliza ukurasa ikaingia barua yako ya rangi. Nikaona nisubiri. Ukisoma kibao vizuri, hatukuandika chuma. Niliandika kazi ya mkono. Hilo ni kweli."

"Lakini kwamba fundi hajulikani, hilo si kweli."

Daktari alichukua kalamu. "Alikuwa nani?"

"Mama Watoto."

"Jina lake, baba."

Koti Mbili akalitaja. Jina lake, la baba yake na la babu yake. Alikuwa hajalitamka lote tangu siku ya kaburi, na kabla ya hapo tangu siku ya ndoa. Lilimtoka polepole, na katikati ikabidi aanze upya. Daktari aliliandika kwa herufi kubwa, akamwonyesha, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

"Basi nisubiri hapo nje?" aliuliza.

"Usubiri nini?"

"Kibao."

Daktari alimtazama kwa huruma. "Kibao hakibadilishwi na mimi, baba. Kinapita kwenye kikao. Andika barua."

Aliandika. Haikuwa kama ile ya rangi, ambayo kila neno lilipimwa. Hii aliimwaga yote: puti, shuka, waya wa pasi, mgongo wa kijiko, Jumapili, na petali iliyokunjwa na sababu yake. Binti alimsomea akairekebisha hapa na pale, wakaipeleka pamoja. Baada ya wiki saba akaletewa jibu kwenye karatasi nzuri yenye muhuri. Alilifungua akiwa amesimama mlangoni. *Ombi lako limepokelewa. Linashughulikiwa.*

Alicheka. Akakaa kwenye kiti cha mkewe, kicheko kikageuka, akalia kama ambavyo hakulia mazishini. Alipomaliza aliiweka barua kwenye kopo pamoja na ndugu zake, akafuta meza, akaenda kununua puti.

Ua lake la kwanza maishani lilimchukua Jumapili tatu. Petali ya kukunja ilimvunjikia mara mbili, mwisho akaiacha, zote sita zikafunguka sawasawa, ua kabisa la mwanaume. Kabla puti haijakauka, aliligeuza na kwa ncha ya msumari akaandika mgongoni jina kamili la mkewe, la baba yake na la babu yake.

Jumatatu alilipeleka getini, akalifunga kwenye pengo la tatu kutoka bawaba ya kushoto. Mpaka rangi mpya, kijana wa watu, alimwachia brashi bila kuuliza. Koti Mbili alipaka rangi ya awali, akasubiri ikauke, akapaka koti ya kwanza juu ya jina, kisha ya pili. Rangi ile ni mali ya idara ya bustani, na kuitoa hapo lazima kwanza ikae kamati.